Kuonja na kukomaza mvinyo mwekundu

Kukomaza mvinyo mwekundu ni kuutunza katika chupa zilizofungwa kwa miezi au miaka kadhaa, mahali penye giza na ubaridi wa wastani, ili ukali wake wa ujana upungue na harufu mpya zijitokeze. Si kila mvinyo unafaa kutunzwa hivyo. Sehemu kubwa ya mvinyo unaouzwa duniani hutengenezwa ili unywewe ndani ya miaka michache baada ya mavuno. Unaofaa kukomazwa ni ule ambao ukiwa bado mchanga una tanini nyingi, uchachu wa kutosha na ladha nzito ya tunda. Mvinyo wa aina hiyo huwa mgumu kinywani mwanzoni, na anayeuonja kwa mara ya kwanza anaweza kudhani umeharibika.

Nchini Tanzania mvinyo hutengenezwa hasa katika Mkoa wa Dodoma, lakini husafirishwa na kutunzwa pia katika maeneo ya chini yenye joto, kama vile pwani na sehemu za Mkoa wa Morogoro. Katika maeneo hayo kanuni za kutunza mvinyo zilizoandikwa Ulaya haziwezi kufuatwa bila marekebisho. Turiani, mji mdogo wa Wilaya ya Mvomero ulio chini ya Milima ya Nguru, ni mfano mzuri wa mahali pa namna hiyo.

## Majina

Kiswahili kina majina mawili makuu ya kinywaji hiki. "Mvinyo" limetokana na neno la Kireno *vinho*, na zamani lilitumika pia kwa pombe kali zilizotoka ng'ambo. "Divai" limetokana na maneno ya Kifaransa *du vin*, nalo husikika zaidi makanisani. Madukani na katika mazungumzo ya mjini husemwa pia "waini".

Mvinyo huitwa mchanga ukiwa haujapita muda mrefu tangu zabibu zivunwe, kwa kawaida chini ya miaka mitatu. Mvinyo mkavu ni ule ambao karibu sukari yote ya zabibu imegeuzwa na chachu kuwa kileo. Neno "mkavu" hapa halihusu ukakasi. Mvinyo unaweza kuwa mkavu na laini, au mtamu na wenye ukakasi.

## Muundo wa mvinyo

Waonjaji hutumia neno "muundo" kwa sehemu za mvinyo zinazousimamisha kinywani, mbali na harufu zake. Zinafanana na miti ya nyumba ya udongo: anayepita njiani huona udongo, lakini kinachosimamisha ukuta ni miti iliyo ndani.

Tanini. Hizi ni kemikali zinazotoka katika maganda, mbegu na vikonyo vya zabibu, na kwa kiasi kidogo katika mapipa ya mti wa mwaloni. Maji ya zabibu nyekundu nyingi hayana rangi. Wekundu na tanini hupatikana kwa kuyaacha maji hayo yachachuke pamoja na maganda yake. Kwa sababu hiyo mvinyo mweupe, ambao hukamuliwa na kutenganishwa na maganda mapema, huwa na tanini kidogo. Tanini hushikana na protini za mate na kuyaondolea utelezi, ndipo ulimi na ufizi huhisi kukauka na kuparuza. Hisia hiyo ndiyo ukakasi. Kila aliyewahi kuuma ndizi mbichi, bibo au zambarau isiyoiva anaifahamu.

Asidi. Zabibu zina asidi ya tartariki na asidi ya maliki. Kipimo cha pH cha mvinyo mwekundu mara nyingi huwa kati ya 3.3 na 3.8. Kadiri pH inavyokuwa ndogo, ndivyo bakteria wanavyopata shida kuishi ndani yake na ndivyo rangi inavyodumu. Asidi ikipungua sana, mvinyo huwa chapwa na huzeeka upesi.

Kileo. Mvinyo mwekundu mkavu kwa kawaida una kileo cha asilimia 12 hadi 15. Kileo huongeza uzito kinywani na kusaidia kuzuia vijidudu, lakini kikizidi tanini na tunda huleta hisia ya kuunguza kooni.

Tunda. Huu ni wingi wa ladha na harufu zinazotoka katika zabibu zenyewe. Tunda halihesabiwi kuwa sehemu ya muundo, lakini ndilo linaloamua kama kuna faida ya kungoja. Tanini hupungua ukali kwa miaka. Kama tunda lilikuwa hafifu tangu mwanzo, litakuwa limekwisha kabla ya tanini kulainika, na kitakachobaki ni kinywaji kikavu kisicho na ladha. Ukakasi peke yake, basi, si dalili ya mvinyo utakaodumu.

## Kinachotokea ndani ya chupa

Mvinyo uliofungwa haukai kama ulivyo. Tanini huungana zenyewe kwa zenyewe, tena huungana na antosianini, yaani kemikali zinazoleta rangi nyekundu na zambarau. Kadiri miungano hiyo inavyoendelea, ukakasi hubadilika na kuwa laini zaidi. Sehemu ya molekuli zilizoungana huwa nzito mno kuelea na hushuka chini kuwa mashapo. Mashapo meusi katika chupa ya zamani hayana madhara.

Rangi nayo hubadilika. Mvinyo mchanga huwa na wekundu unaoelekea zambarau. Ukikomaa huelekea rangi ya tofali, hasa pembeni mwa glasi. Harufu za tunda bichi hupungua na mahali pake huja harufu za matunda makavu, tumbaku, ngozi, uyoga au udongo wa msituni.

Oksijeni ina kazi mbili katika jambo hili. Kiasi kidogo sana kinachopenya kwenye kizibo husaidia kukomaa. Kikizidi, huua tunda na kuwapa nafasi bakteria wanaogeuza kileo kuwa siki. Mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur alichunguza mambo haya kwa ombi la mfalme Napoleon III, na mwaka 1866 alichapisha utafiti wake kuhusu magonjwa ya mvinyo. Alionyesha kwamba kuharibika kwa mvinyo husababishwa na vijidudu na kwamba hewa ina sehemu kubwa katika kuzeeka kwake.

Kinachoamua kasi ya yote haya ni joto. Kwa makadirio ya wanakemia, mwendo wa mabadiliko mengi ya kikemikali huongezeka karibu mara mbili kila joto linapopanda kwa nyuzi 10 za selsiasi. Hata hivyo, mabadiliko yote hayaongezeki kwa kiwango kimoja. Yanayoharibu harufu huweza kutangulia yanayolainisha tanini. Kwa hiyo mvinyo uliokaa kwenye joto kali hauwi tu mzee kabla ya wakati, bali hupata ladha nyingine kabisa, kama ya tunda lililopikwa.

## Kuonja mvinyo mchanga

### Maandalizi

Glasi inayofaa ni ile iliyopanuka tumboni na kubanika mdomoni, ijazwe theluthi moja tu ili harufu ipate nafasi. Vitabu vingi husema mvinyo mwekundu unywewe katika "joto la chumba". Maneno hayo yalianza katika nyumba za Ulaya zisizokuwa na joto la kisasa, nayo humaanisha nyuzi 16 hadi 18. Chumba cha Turiani au Dar es Salaam mchana kinaweza kufika nyuzi 28 au 30. Katika joto hilo kileo hupanda puani na kufunika harufu nyingine, na mvinyo mzuri huonekana mbaya. Inafaa kuiweka chupa katika jokofu kwa nusu saa hadi saa moja kabla ya kuonja.

### Hatua

1. Kutazama. Glasi huinamishwa juu ya karatasi nyeupe. Rangi ya zambarau hadi pembeni ni ya mvinyo mchanga. Rangi ya kahawia katika mvinyo wa mwaka mmoja au miwili ni dalili ya hatari.
2. Kunusa. Mvinyo hunuswa kwanza ukiwa umetulia, kisha glasi ikizungushwa. Mvinyo mchanga wenye muundo imara mara nyingi huwa "umefungika", yaani hautoi harufu nyingi mwanzoni. Katika maelezo yao waonjaji wanaweza kutumia vitu vinavyofahamika kwao: zambarau, rozela, ukwaju, au viungo vya milimani kama pilipili manga, mdalasini, karafuu na iliki.
3. Kuonja. Funda dogo huzungushwa mdomoni kote kwa sekunde kadhaa, kisha humezwa au kutemwa. Wanaoonja aina nyingi kwa siku moja hutema.
4. Kusubiri. Huhesabiwa muda ambao ladha inabaki kinywani. Kinachotazamwa ni kama kinachobaki mwishoni ni tunda, au ukakasi na kileo tu.

### Kutofautisha uchachu, uchungu na ukakasi

Watu wengi huviita vitu hivi vitatu kwa neno moja, "ukali", na hapo ndipo makosa huanzia. Uchachu, kama wa limau, hufanya mate yatiririke. Uchungu, kama wa mwarobaini, ni ladha inayobaki baada ya kumeza. Ukakasi si ladha bali ni hisia ya mguso: mate hupungua na ulimi huparuza. Mvinyo mchanga unaofaa kutunzwa una ukakasi na uchachu kwa pamoja, na tunda linasikika katikati yake. Uchungu mkali unaozidi vyote unaweza kutokana na mbegu zilizokamuliwa mno au zabibu zisizoiva, na si rahisi miaka iuondoe.

### Ujana na kasoro

Jambo la msingi kwa mwonjaji ni kutofautisha ugumu wa ujana na kasoro. Ugumu wa ujana hupungua kadiri muda unavyopita. Kasoro haiponi kwa kungojewa. Zinazokutwa mara nyingi ni hizi:

* Harufu ya ukungu, kama katoni iliyolowa au kitambaa kilichovundia. Husababishwa na kemikali inayoingia kupitia kizibo cha koki, hata kama chupa ilitunzwa vizuri.
* Harufu ya siki au ya rangi ya kucha. Bakteria wamekwisha kuanza kazi.
* Kuchoka kwa hewa. Rangi imekuwa kahawia mapema na harufu ni ya tunda lililokatwa likaachwa wazi.
* Kupikwa na joto. Harufu ni ya jamu au zabibu kavu. Kwa nje, kizibo kinaweza kuwa kimesukumwa juu na shingo ya chupa kunata, kwa sababu mvinyo hutanuka ukipata joto.
* Mapovu katika mvinyo usiotakiwa kuwa nayo. Chachu iliyobaki imeanza tena kula sukari ndani ya chupa.

### Kupima kama utadumu

Njia moja inayotumiwa na waonjaji ni kuonja chupa ileile mara tatu: inapofunguliwa, baada ya saa moja, na siku inayofuata baada ya kulala katika jokofu ikiwa nusu. Mvinyo unaozidi kuwa mzuri siku ya pili, tunda likiwa bado lipo, umeonyesha kwamba unavumilia hewa. Ule uliochakaa usiku mmoja haufai kuwekwa. Kipimo hiki ni cha makadirio, lakini ni bora kuliko kutegemea bei au uzito wa chupa.

Anayetaka kukomaza hununua chupa kadhaa za mvinyo uleule, hufungua moja kila baada ya miezi sita na kuandika alichokiona katika daftari. Ladha ikianza kushuka, zilizobaki hunywewa bila kungoja zaidi.

## Mvinyo unaojulikana kwa kudumu

Zabibu za Cabernet Sauvignon, Syrah, Nebbiolo na Tannat zinajulikana kwa kutoa mvinyo wenye tanini nyingi. Mvinyo bora wa Bordeaux nchini Ufaransa huweza kudumu kwa miongo kadhaa. Nchini Italia, sheria inataka Barolo, unaotokana na Nebbiolo, ukomazwe miezi isiyopungua 38 kabla ya kuuzwa, na 18 kati ya hiyo uwe ndani ya pipa. Afrika Kusini ina Pinotage, zabibu iliyozalishwa na Abraham Izak Perold mwaka 1925 kwa kuchanganya Pinot Noir na Cinsaut.

Hii ni mifano ya mvinyo wa daraja la juu. Mvinyo wa bei ya kawaida, hata ukitengenezwa kwa zabibu hizohizo, kwa kawaida huwa katika hali yake bora ndani ya mwaka mmoja hadi mitatu.

## Masharti ya kutunza

* Joto: nyuzi 10 hadi 15, bila kupanda na kushuka kila siku.
* Giza: mwanga wa jua huharibu harufu. Chupa za kijani iliyokolea husaidia, lakini hazitoshi.
* Unyevu: karibu asilimia 60 hadi 70, ili kizibo cha koki kisikauke na kupitisha hewa.
* Mkao: chupa yenye koki hulazwa ili mvinyo uguse kizibo. Yenye kifuniko cha kusokota inaweza kusimama.
* Utulivu: mahali pasitikisike mara kwa mara.
* Harufu: isiwekwe chumba kimoja na mafuta ya taa, dawa za shambani au rangi.

Ulaya masharti haya yalipatikana katika vyumba vya chini ya ardhi, kwa sababu udongo wa huko ni baridi mwaka mzima.

## Mvinyo wa Dodoma

Kilimo cha zabibu kililetwa Dodoma na wamisionari Wakatoliki katika karne ya 20, na misheni ya Bihawana hutajwa kuwa miongoni mwa mahali pa mwanzo. Baadaye serikali ilihimiza zao hilo, na kituo cha utafiti wa zabibu kiliwekwa Makutupora, kaskazini mwa mji. Jina la mahali hapo limepewa pia zabibu nyekundu inayolimwa sana mkoani. Kampuni ya umma iliyoitwa DOWICO ilitengeneza mvinyo hadi ilipobinafsishwa. Miongoni mwa viwanda vilivyofuata ni CETAWICO, kilichojengwa Hombolo. Wapo pia wasindikaji wadogo ambao hukamua zabibu na kuuza "mchuzi wa zabibu" kwa viwanda vikubwa.

Dodoma iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,100 na hupata mvua chache, kwa kawaida milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, nyingi kati ya Desemba na Aprili. Kwa kuwa hakuna majira ya baridi kali ya kuulaza mzabibu, mkulima huuongoza kwa kupogoa, na mavuno hupatikana mara mbili kwa mwaka: karibu na Februari na Machi, na tena karibu na Agosti na Septemba. Zabibu zinazoiva wakati wa kiangazi husumbuliwa kidogo na magonjwa ya ukungu, na sukari yake haipunguzwi na mvua.

Hali hii inamhusu moja kwa moja mwenye nia ya kukomaza. Huko Ulaya mwaka ulioandikwa kwenye lebo humaanisha mavuno mamoja. Kwa Dodoma, mwaka mmoja unaweza kuwa na mavuno mawili yenye tabia tofauti. Lebo isiyoonyesha mwaka wowote haimsaidii mnunuzi kujua umri wa mvinyo. Tena mvinyo mwingi wa Dodoma unaouzwa kwa bei nafuu ni mtamu au wa utamu wa kiasi, uliotengenezwa ili unywewe mapema. Anayetaka kujaribu kukomaza huchagua mvinyo mkavu, wenye mwaka kwenye lebo, tena huuonja kwanza.

Mvinyo hutengenezwa pia nje ya Dodoma, kwa mfano Sakharani katika Milima ya Usambara, kwa watawa Wabenedikto.

## Kutunza katika nchi ya joto: mfano wa Turiani

Chupa inayotoka Dodoma kwenda Turiani hufuata barabara kuu ya Morogoro, kisha hukata kushoto Magole. Hutoka nchi kame ya mita 1,100 na kushuka hadi chini ya mita 500, katika bonde la miwa ya Mtibwa, mpunga na migomba, ambako hewa ni ya joto na unyevu. Kati ya Desemba na Februari joto la mchana hupita nyuzi 30. Chupa ikisimamishwa rafu ya juu dukani, karibu na bati na mbele ya dirisha, inaweza kuharibika katika majuma machache hata kama ilitoka kiwandani ikiwa nzuri.

Makadirio ya wanakemia yaliyotajwa juu yanasaidia kuona ukubwa wa tatizo. Mvinyo unaohitaji miaka mitano katika nyuzi 13, ukiwekwa katika nyuzi 26, utapita njia hiyo kwa takriban miaka miwili, tena bila hakika ya kufika mahali palepale. Njia ambazo watu hujaribu katika mazingira haya zina nguvu tofauti:

Mtungi au mchanga uliolowa. Katika ukame wa Dodoma, maji yanayokauka kwenye mtungi hupooza kilichomo. Katika unyevu wa Turiani maji hukauka polepole, hivyo ubaridi unaopatikana ni mdogo, hasa wakati wa mvua.

Sanduku la pumba za mpunga. Pumba huzuia joto kuingia na kutoka kwa haraka. Chupa zilizofukiwa katika sanduku la pumba, sakafuni mwa chumba cha katikati kisichopigwa na jua, hazipandi joto mchana na kushuka usiku. Hata hivyo, pumba haziondoi joto. Baada ya siku kadhaa chupa hufikia wastani wa joto la chumba. Faida yake ni utulivu na giza.

Shimo. Udongo wa kina cha mita moja au mbili hukaribia wastani wa joto la hewa la mwaka. Kaskazini mwa Ulaya wastani huo ni karibu nyuzi 10, ndiyo maana vyumba vya chini vilifaa. Katika tambarare ya Turiani wastani ni zaidi ya nyuzi 20. Shimo la Turiani ni tulivu, lakini si baridi, na maji ya masika yanaweza kuingia.

Mwinuko. Joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Milima ya Nguru hupita mita 2,000, na katika Uluguru zipo nyumba katika mwinuko wa zaidi ya mita 1,000, kama ile ya zamani ya Morningside juu ya mji wa Morogoro. Chumba chenye giza katika mwinuko wa mita 1,500 kinaweza kuwa na ubaridi unaokaribia masharti ya Ulaya bila umeme.

Jokofu. Jokofu la nyumbani huwa na nyuzi 4 hadi 7. Hupunguza sana kasi ya kukomaa na linafaa kwa miezi kadhaa. Kwa miaka halifai, kwa kuwa hewa yake kavu hukausha koki. Umeme ukikatika na kurudi mara kwa mara, chupa ziwekwe sehemu ya chini, mbali na mlango, ili mabadiliko ya joto yasiwe ya ghafla. Jokofu maalumu la mvinyo hutatua shida hizi, ila ni ghali.

Kwa mkazi wa tambarare asiye na njia ya kupooza, ushauri wa kweli ni mfupi: anunue mvinyo kutoka duka ambalo huuza upesi, auweke mahali penye ubaridi kuliko pote nyumbani, na aunywe ndani ya miezi michache. Ugumu wa ujana unaweza kupunguzwa mezani kwa hewa na chakula. Mvinyo uliopikwa na joto haurudi.

## Divai ya ibada

Kwa makanisa, kutunza mvinyo si suala la anasa. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, na mwaka 1877 walianzisha misheni ya Mhonda, karibu na Turiani. Tangu wakati huo divai imehitajika katika parokia na vigango vya eneo hilo.

Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983, kanuni ya 924, inataka divai ya Misa iwe ya asili, itokane na tunda la mzabibu, na isiwe imeharibika. Divai iliyogeuka siki haifai kwa ibada. Chupa moja iliyosahaulika kwenye kabati la sakristia lenye joto inaweza kuwa na maana kwamba waamini wa kigango cha mbali wanakosa Misa siku ambayo padri amewafikia. Kwa sababu hiyo ni busara kununua kiasi kidogo mara kwa mara, kupendelea chupa ndogo, kuitunza iliyofunguliwa katika jokofu, na kuionja kabla ya safari.

## Kufungua na kunywa

Chupa yenye mashapo husimamishwa siku moja kabla ya kufunguliwa, kisha humiminwa polepole. Mvinyo mchanga wenye tanini humiminwa katika jagi na kuachwa saa moja au mbili ili upate hewa. Mvinyo mzee sana haupewi muda huo, kwa kuwa harufu zake hupotea upesi.

Protini na mafuta hupokea tanini kabla hazijashikana na mate, na chumvi hupunguza uchungu. Ndiyo sababu mvinyo uliokuwa mgumu peke yake huwa laini ukinywewa na nyama choma ya mbuzi au ya ng'ombe. Pilipili kali huongeza hisia ya kuunguza, na samaki pamoja na tanini nyingi huacha ladha ya chuma mdomoni.

Uliobaki hufungwa na kuwekwa katika jokofu, nao hufaa kwa siku tatu hadi tano.

## Afya na sheria

Mvinyo ni pombe. Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hakuna kiasi cha pombe kinachoweza kusemwa kuwa hakina madhara kwa afya. Mjamzito, dereva na anayetumia dawa zinazopingana na pombe hawapaswi kunywa. Nchini Tanzania ni marufuku kumuuzia pombe mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Uislamu na baadhi ya madhehebu ya Kikristo hukataza pombe kabisa.

## Tazama pia

* Divai
* Zabibu
* Siki
* Mkoa wa Dodoma
* Turiani
* Milima ya Nguru